Uzi: Ski-Doo, Polaris au Arctic Cat? Nanunua sledi ya mlimani kwa ajili ya Golden na Revelstoke (British Columbia, Kanada)

#1 Mkibosho_Calgary

Wakuu salaam,

Mimi ni mtu wa Kibosho. Nimekua nikiitazama theluji ya Kibo kila asubuhi bila kuigusa hata siku moja. Sasa ni mwaka wa tisa niko Calgary na theluji imenishika kwelikweli. Misimu mitatu nimeendesha pikipiki ya theluji ya rafiki yangu (huku tunaita sledi) kwenye njia zilizosawazishwa, na mara mbili nimekodi sledi ya mlimani pale Golden. Siku ile ya pili tulitoka msituni tukakuta bonde zima halijakanyagwa na mtu, ukishuka kwenye sledi unazama hadi kiunoni. Nikasema msimu huu lazima ninunue ya kwangu.

Kinachonikwamisha ni kampuni. Kazini nina wenzangu wawili, mmoja Ski-Doo, mmoja Polaris, na wakianza kubishana chakula cha mchana kinapoa. Baba mkwe wa mmoja wao ni Arctic Cat tangu ujana wake na haongei na wote wawili. Kila mmoja ananiambia nikinunua ya mwenzake nitajuta.

Taarifa zangu: kilo 96, urefu futi 6 kasoro inchi moja. Bajeti ni dola 14,000 za Kanada, kwa hiyo ni iliyotumika. Nitapanda siku kama 12 kwa msimu, nyingi Golden na Revelstoke, chache Crowsnest Pass. Naomba maneno ya watu wanaozipanda. Matangazo nimeshasoma hadi macho yanauma.

Nawasilisha.

#2 NjanoDamu

Mkuu karibu kwenye theluji. Mimi nimeishi Sherbrooke, Quebec, miaka sita kabla ya kuhamia Kelowna, na kutoka Sherbrooke hadi Valcourt si mbali. Valcourt ndiko Ski-Doo inakotoka. Pale kuna makumbusho ya Joseph-Armand Bombardier, nenda siku moja ukipata nafasi.

Januari 1934 mtoto wake Yvon, mwenye miaka miwili, aliugua tumboni. Barabara zote zilikuwa zimefungwa na theluji na chombo alichokuwa anakitengeneza kilikuwa bado kiko vipande vipande karakanani. Hakuweza kumfikisha hospitali. Mtoto akafa. Miaka michache baadaye akauza magari ya theluji ya kubeba watu saba, mwaka 1942 akaanzisha kampuni, na 1959 ikatoka Ski-Doo, ndogo, nyepesi, ya mtu mmoja au wawili. Mtu akiniuliza kwa nini nina damu ya njano, rangi ya Ski-Doo, namweleza habari hiyo kwanza.

Turudi kwako. Chukua Summit, sledi ya mlimani ya Ski-Doo, yenye injini ya Rotax 850 E-TEC. Ilianza na modeli ya 2017. Petroli inanyunyiziwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo inakula mafuta kidogo na oili kidogo kwa injini ya mipigo miwili, na asubuhi ya nyuzi 25 chini ya sifuri inawaka. Traki yake (mkanda wa mpira wa nyuma) ina upana wa inchi 16 wakati wenzetu wa Polaris na Arctic Cat wanakaa kwenye 15, kwa hiyo inaelea vizuri zaidi, na kwa kilo 96 utahitaji kuelea. Kuanzia 2018 ukiipata yenye mfumo wa kuwashia unaoitwa SHOT, ukishaiwasha mara ya kwanza kwa kamba, baadaye unabonyeza kitufe tu na haina betri nzito. Ukiwa umekwama kwenye mteremko, umechoka, mikono inatetemeka, kitufe hicho utakibusu.

#3 Bukavu_Boise

Jambo ndugu zangu. Mimi ni mtu wa Bukavu, niko Boise, Idaho, tuko Wakongo wengi hapa. Nimepanda McCall na Island Park tangu 2014.

Ndugu NjanoDamu, historia ya yule mtoto inaniumiza kila nikiisikia, na ninaiheshimu kabisa. Lakini mlimani tunaongea namna mashini inavyolala ubavu. Polaris Pro RMK ukiwa unakata ubavu wa mlima, ukisimama mguu mmoja kwenye kikanyagio, unaiegemeza kidogo tu na inakaa palepale. Haikuvuti chini, haikupindukii. Unaweza kukata kilomita nzima katikati ya miti ukichagua tundu la kupita. Summit nimeipanda, ni nzuri, ila kwangu mimi inataka nguvu zaidi kuishikilia pale.

Halafu uzito. Tangu modeli za 2013 Polaris waliweka QuickDrive kwenye RMK, ni mkanda badala ya mnyororo na boksi lake la oili. Kilo zimepungua, na hakuna oili ya boksi ya kubadilisha. Ukichimba sledi kwenye theluji mara nne kwa siku, kila kilo moja utaijua kwa jina lake.

Injini ya 850 Patriot ilitoka modeli ya 2019. Kwa bajeti yako utaipata. Esanse (petroli kwenu) inakula zaidi kidogo ya E-TEC, hilo nakubali.

#4 NjanoDamu

Mkuu Bukavu, inataka nguvu zaidi kwa sababu umezoea ya kwako. Summit ina tMotion, nyuma ya traki inajipinda kidogo ukiilaza, hulazimiki kuing'ang'ania. Mpe mtu ambaye hajapanda yoyote, kisha umsikilize.

Na nani alitoa tabo (turbo, ya kuisukumia injini hewa) ya kiwandani kwanza kwenye mipigo miwili? Ski-Doo, modeli ya 2020. Wenzetu wa Polaris walikuja na tabo yao, Boost, 2022.

#5 Bukavu_Boise

Waliitoa kwanza, sawa. Lakini anayeuliza ana dola 14,000, tabo ya nini?

#6 Mdau_Kigamboni

Wakuu samahani kuingilia. Mimi niko Kigamboni, theluji naiona kwenye simu tu. Huu ubishi naona ni kama ule wa Boxer na TVS kijiweni kwetu. Naomba kuelezwa: hiki chombo kinatofautianaje na bodaboda? Kina gia? Na Yamaha mbona hamuitaji? Huku maboti yote ya wavuvi ni Yamaha.

#7 Mkibosho_Calgary

Mdau karibu sana, swali lako ni zuri. Haina gia. Mbele ina skii mbili za kuongozea, nyuma ina mkanda mpana wa mpira wenye meno, huo ndio traki. Kati ya injini na traki kuna klachi mbili na mkanda unaopanda na kushuka wenyewe, kama skuta. Sledi ya kawaida ina traki fupi na meno mafupi kwa ajili ya njia ngumu. Ya mlimani ina traki ndefu, inchi 146 hadi 175, na meno ya inchi mbili na nusu hadi tatu kama makasia, ili isizame kwenye theluji laini. Injini nyingi za mlimani ni mipigo miwili, zile za oili na petroli kama Vespa za wazee wetu, ila sasa zina kompyuta.

#8 PakaWaKijani

Mdau, kuhusu Yamaha nitakujibu mimi kwa huzuni. Walianza sledi 1968. Juni 2023 wakatangaza kwamba wanaacha, na modeli ya 2025 ndiyo ya mwisho. Miaka ya karibuni walisifika kwa injini za mipigo minne zisizochoka. Watu waliokuwa nazo hapa Minnesota walilia, na sisemi kwa kutia chumvi.

Sasa mnitazame mimi, mshabiki wa Arctic Cat, ninaishi Minnesota kwenye jimbo lenye kampuni zote mbili. Wengi wanaotukanana hawajui kwamba Polaris na Arctic Cat ni ndugu wa tumbo moja. Polaris ilizaliwa Roseau mwaka 1954, ikianza kama karakana ya vyombo vya wakulima. Edgar Hetteen, mmoja wa waanzilishi, mwaka 1960 alisafiri kuvuka Alaska kwa sledi ili kuonyesha dunia kwamba zinaweza. Aliporudi wenye hisa hawakufurahia. Akaondoka, akaenda Thief River Falls, mwendo wa saa moja na kitu kwa gari, akaanzisha kampuni iliyokuja kuwa Arctic Cat. Mtu mmoja, kampuni mbili, na wajukuu wa wafanyakazi wake wanapigana vijembe kwenye vituo vya mafuta mpaka leo.

Cat ilifilisika 1981, ikafufuka ndani ya miaka michache. Textron wakainunua 2017, baadaye wakasimamisha uzalishaji, na 2025 ikauzwa kwa wamiliki wapya wanaoongozwa na mtu aliyewahi kufanya kazi humo humo. Mimi naomba isimame. Fremu yao mpya ya Catalyst ni kazi ya watu wanaojua mlima, na ile Alpha One ya reli moja katikati ya traki, tangu modeli ya 2019, inageuka kwenye theluji ya kina kama samaki. Hakuna mwingine aliyethubutu.

Lakini mkuu Mkibosho, kwa sledi yako ya kwanza, na uko Calgary, sitakuambia ununue Cat. Muulize kwanza muuzaji wako wa karibu vipuri vinachukua siku ngapi. Jibu hilo lipate kwa mdomo wake, lisiwe langu.

#9 FundiOili

Nimewasoma wote. Mimi ni fundi, mwaka wa 11 nafungua hizi injini, sasa Edmonton, zamani Salt Lake City. Zote tatu zinapita mikononi mwangu. Naomba mniruhusu niandike kirefu.

Kwanza urefu wa traki, kabla ya kampuni. Kilo 96, ongeza nguo, buti, kofia, mkoba wenye koleo na maji, unakaa kwenye kilo 112 hivi. Revelstoke na Golden theluji inashuka nyingi na ina miti mingi. Traki ya 146 utachimba kaburi kila unapoachia mafuta. 175 itaelea vizuri lakini kuigeuza kwenye miti ni kama kugeuza basi la Moshi kwenye uchochoro. Mtu wa uzito wako anakaa kati ya 154 na 165. Kama unapenda kupanda juu moja kwa moja kwenye mabonde wazi, 165. Kama unapenda miti, 154 au 155. Meno ya inchi 3 ni kwa theluji laini ya kina. Kwa anayeanza 2.5 au 2.6 yanasamehe zaidi, na mwezi wa nne theluji ikiwa ngumu hayakusumbui.

Pili mwinuko. Injini isiyo na tabo inapoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kila ukipanda mita 300. Mji wa Revelstoke uko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, na watu wanacheza kwenye mita 1,800 hadi 2,300 hivi. Hapo 850 yenye nguvu za farasi 165 imebaki na kama 130. Inatosha, na zaidi ya inavyotosha kwa mtu wa msimu wa kwanza. Nikiwa Utah tulikuwa tunapanda Uinta, mita 3,000, unabaki na 115 au pungufu, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu wa Colorado na Utah wanalilia tabo. Mkimwona mtu wa Wyoming na mtu wa British Columbia wanabishana juu ya injini, mara nyingi wanabishana juu ya hewa. Kila mmoja anasema kweli ya mlima wake.

Tatu, iliyotumika. Hapa ndipo pesa yako itaponea au itapotelea, kwa hiyo soma polepole.

Usiangalie rangi. Funika jina la kampuni kwa kitambaa ukiweza. Piga magoti, tazama fremu ya mbele pale mikono ya skii inapofungwa. Tafuta nyufa, tafuta rangi iliyobanduka, tafuta ripiti mpya kati ya za zamani. Sledi iliyogonga mti ikanyooshwa haitaenda sawa tena, utakuwa unapigana na usukani msimu mzima. Halafu tazama mwili wa alumini juu ya traki kutoka nyuma, ufumbe jicho moja. Ukiona umejipinda kama ndizi, sledi hiyo imerushwa ikatua vibaya. Chini ya huo mwili kuna mabomba ya kupozea, pitisha mkono, ukikuta meno ya traki yameyakwaruza ondoka.

Pima mgandamizo wa silinda zote mbili, injini ikiwa ya moto, koo la hewa likiwa wazi kabisa. Namba zenyewe si muhimu kama kulingana kwao. Zikitofautiana sana, pistoni au ringi za upande mmoja zimechoka. Mwenye kamera ndogo ya kuingiza kwenye tundu la plagi akuonyeshe kuta za silinda. Muulize mwenyewe amebadilisha pistoni lini, na risiti iko wapi. Injini ya mipigo miwili ya mlimani ikifika kilomita 5,000 bila kuguswa, mimi nahesabu gharama ya kuifungua ndani ya bei.

Fungua kifuniko cha klachi. Vumbi jeusi lililojaa ni mikanda iliyoungua. Muulize amekata mikanda mingapi. Akisema hajawahi, na sledi ina miaka mitano, muulize tena.

Nne, wakati. Oktoba ndiyo mwezi mbaya wa kununua, kila mtu anaota theluji. Machi na Aprili watu wanaweka oda za modeli mpya na wanataka kuondoa za zamani. Kama unaweza kusubiri, subiri. Kama huwezi, beba pesa taslimu na mpatane.

Na mwisho kabisa, nani yuko karibu nawe? Kama wenzako watatu unaopanda nao wote ni Polaris, mkanda wako ukikatika kilomita 30 ndani ya mlima na wa akiba huna, watatu wanaweza kukupa. Plagi, leva ya breki, klipu, kila kitu. Kama fundi unayemwamini anafungua Rotax vizuri na yuko dakika 20 kutoka kwako, hilo lina uzito kuliko mafundisho yangu yote ya hapo juu.

#10 NjanoDamu

Fundi, nimekaa kimya. Hilo la hewa ya Wyoming sikuwahi kulifikiria hivyo.

#11 Bukavu_Boise

Mimi pia. Ninapanda Idaho, mita 2,500 na kitu. Ndiyo maana labda napenda wepesi kuliko kitu kingine.

#12 Dada_wa_Nakuru

Hamjambo. Mimi naishi mkoa huo huo mnaoutaja, mwendo wa saa mbili kutoka Revelstoke, na nimepanda misimu minane. Nina kilo 61 na naendesha 154, ndiyo, mwanamke mweusi pekee kwenye maegesho siku nyingi, na nimezoea.

Nimesoma majibu kumi. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza huyu ndugu kama ana kifaa cha kutafutia mtu chini ya theluji. Nimesikitika, na nasema hivyo kwa upendo.

Machi 13, 2010, pale Boulder Mountain, Revelstoke, watu wengi walikusanyika kwenye shindano la kupanda mlima kwa sledi. Theluji ikaporomoka. Wawili walifariki na takriban 30 wakajeruhiwa. Wale walikuwa watu wenye uzoefu, wenye mashine za kila rangi mnayoitaja hapa. Sledi za siku hizi ni hatari kwa namna moja ambayo muuzaji hasemi: zinakufikisha mahali ambapo zamani ungehitaji miaka kumi ya kujifunza ili ufike. Injini inakupandisha kwenye mteremko wa digrii 38 ndani ya sekunde sita, na mteremko kati ya digrii 30 na 45 ndio unaoporomoka zaidi.

Mtu aliyefukiwa akifukuliwa ndani ya dakika 10 za mwanzo, wengi wanaishi. Baada ya hapo nafasi inaporomoka vibaya. Helikopta haifiki kwa dakika 10. Wanaokuokoa ni wale uliokuja nao, wakiwa na vitu vitatu: kifaa cha mawimbi, fimbo ya kuchomea theluji, na koleo la chuma. Vyote vitatu viwe mwilini mwako, kwenye mkoba wa mgongoni. Usifunge koleo kwenye sledi, maana sledi inaweza kwenda upande mmoja na wewe mwingine. Vifaa hivi vyote duniani vinatumia masafa ya 457 kHz, kwa hiyo hapa hakuna vita ya kampuni, cha yeyote kinamsikia yeyote. Simu iweke mbali nacho, sentimita 20 kikiwa kinatuma na 50 kikiwa kinatafuta. Injini zizimwe wakati wa kutafuta, umeme wake unakivuruga.

Sasa niwaambie kilichonipata. Msimu wangu wa pili, mwenzangu alikwama katikati ya mteremko. Alikuwa anapiga magoti akichimba. Mimi nikapanda kumsaidia, kwa moyo mwema kabisa. Nikafika, nikasimamisha sledi yangu juu yake kidogo, nikashuka. Nikasikia sauti kama mlango mkubwa unafungwa chini ya ardhi. Ufa ukapita mita chache juu yetu, kutoka mti huu hadi mti ule. Theluji ilishuka kama mita moja hivi ikasimama. Sijui kwa nini ilisimama. Tulitembea kando kimya kimya, hatukuongea mpaka tulipofika kwenye gari.

Tangu siku ile nina sheria ambayo simpunguzii mtu. Mmoja tu kwenye mteremko. Aliyekwama anajichimbua mwenyewe, hata kama ni nusu saa, na sisi wengine tunamtazama kutoka mahali salama, sledi zimeegeshwa zikielekea kwenye njia ya kutokea, injini tayari kuwashwa. Wageni wanaona ni ukatili. Wanaume hasa wanaona aibu kumwacha mwenzao. Nawaambia wakae hapo hapo walipo.

Kozi ya kwanza ya maporomoko ya theluji inaitwa AST 1, siku mbili, iko ya watu wa sledi. Avalanche Canada, shirika la taarifa za maporomoko ya theluji, ofisi zao ziko Revelstoke hapo hapo na taarifa ya hatari wanaitoa kila siku ya msimu, bure. Ndugu Mkibosho, kwenye dola zako 14,000 toa 2,000 za vifaa, mkoba wa puto (puto linalokusaidia kubaki juu theluji ikiporomoka) na kozi kabla hujagusa sledi yoyote. Nunua sledi ya 12,000.

Na kitu kingine, kuna maeneo yamefungwa kwa ajili ya kulungu wa milimani wanaoitwa caribou. Ni wanyama wachache sana waliobaki, na wakikimbizwa wakati wa baridi wanapoteza nguvu zote walizoweka. Pakua ramani ya mipaka kabla ya safari. Faini ni kubwa, lakini hata bila faini.

#13 Mdau_Kigamboni

Dada, nimesoma mara mbili. Hapo kwenye sauti ya mlango nimesimamisha chai. Pole sana, na asante.

#14 Mkibosho_Calgary

Dada yangu, asante. Nakiri mbele ya wote, nilikuwa na kofia na miwani kwenye orodha, na hivyo vitatu nilivihesabu vya "baadaye". Nimejiandikisha leo kozi ya Januari mwanzoni, ya sledi, pale Golden.

#15 Bukavu_Boise

Ndugu, kama unanunua kifaa cha mawimbi, kifanyie mazoezi kwenye bustani. Ficha kimoja kwenye mfuko, mwambie mtoto akifukie, wewe utafute ukiwa umevaa glavu. Mimi na vijana wangu tunafanya kila Novemba. Mara ya kwanza nilitumia dakika 9. Sasa ni chini ya 3.

#16 Mkibosho_Calgary

Wakuu, narudi na mrejesho. Zimepita wiki tatu.

Nilipunguza bajeti ya sledi hadi 12,000 kama Dada alivyosema. Nilikagua nne. Ya kwanza ilikuwa inang'aa, stika mpya, mwenyewe mcheshi. Nikafanya kama Fundi alivyofundisha, nikafunika jina kwa koti langu nikapiga magoti. Kwenye fremu ya mbele kulikuwa na ripiti tatu mpya. Nikamuuliza, akasema "alama tu". Nikashukuru nikaondoka. Kampuni siitaji, kosa ni la mti na la mwenyewe. Ya pili mgandamizo haukulingana. Ya tatu mwenyewe alikataa nisipime. Ya nne ilikuwa ya mzee mmoja wa Airdrie anayeacha kwa sababu ya magoti: Polaris 850 Pro RMK ya 2021, traki 155, meno ya 2.6, kilomita 2,900, bahasha nzima ya risiti, na mikanda miwili ya akiba ndani ya boksi. Silinda zote zinalingana. Tulipatana 11,400.

NjanoDamu najua utaumia. Ukweli ni kwamba ningeikuta Summit ya 154 katika hali ile ningeichukua siku hiyo hiyo. Kilichonisukuma ni kwamba watu wanne ninaotegemea kupanda nao msimu huu, watatu ni Polaris, na fundi wao yuko dakika 15 kutoka kwangu.

#17 NjanoDamu

Sijaumia hata kidogo. Risiti zote na mikanda miwili, hata mimi ningenunua. Hongera sana mkuu. Ukifika Kelowna njoo tubadilishane nusu siku, uilaze Summit yangu ubavu ujionee.

#18 FundiOili

Hongera. Kabla ya safari ya kwanza badilisha plagi, safisha vali za kutolea moshi, na uipake mafuta mazito viungo vyote vya mbele. Mkanda mmoja wa akiba uuzoeshe sasa, uendeshe taratibu kilomita 50, kisha uuweke tena kwenye boksi. Mkanda mpya kabisa ukiufunga mlimani na kukanyaga mafuta unaungua.

#19 Mdau_Kigamboni

Picha basi mkuu!

#20 Mkibosho_Calgary

Kwa sasa imekaa kwenye nyasi nyuma ya nyumba, inaonekana kama ngalawa nchi kavu. Subirini theluji.

#21 Dada_wa_Nakuru

Ndugu, kozi yako inaisha Jumapili. Mimi nitakuwa Golden Jumamosi inayofuata na wenzangu wawili. Njoo, tuko wanne. Maegesho saa moja kamili asubuhi, kifaa kimewashwa na kiko mwilini kabla hujashusha sledi kwenye trela. Ninampima kila mtu langoni, mmoja mmoja, na asiyesikika harudi nyumbani kwa hasira, anakaa kwenye gari na chai yangu mpaka tutakaporudi. Njoo na koleo lako, si la kuazima.